Jibu la Wamama wa Nyansiongo

Nyansiongo,
Jumapili, 16 Januari 1972

Mwanangu Nehemiah Obwocha,

Nakusalimu kwanza mimi mama yako Persis, halafu nawapitisha wengine mmoja mmoja. Baba yako Ogari anakusalimu, mgongo unamuuma lakini ukimwambia akae anaona umemtukana. Bitutu, mama ya baba yako, anakusalimu na anasema wewe ni mume mbaya, umemwacha bila sukari tangu mwezi wa kumi na moja. Momanyi mdogo wako anakusalimu, amerudi shule na viatu vya baba yako kwa sababu vyake vimemkataa. Dada yako Bonareri anakusalimu, yuko hapa kwetu tangu Krismasi, mume wake alipata kazi ya kuchuma majani ya chai huko Kericho na hakutaka akae peke yake. Ng'ombe pia hawajambo. Yule mwenye doa amezaa dume, kwa hiyo hatukufurahi sana.

Unisamehe mwandiko. Mkono wangu unajua Kiswahili tu, kile cha darasa la wamama kanisani. Ekegusii kinakaa mdomoni, hakitaki kushuka kwenye kalamu.

Sasa habari ya rafiki zako, Mogire na Nyasani. Walifika mwezi uliopita na zile karatasi za maswali. Walilala hapa, walikula vizuri, hawakuleta shida. Mogire alipanda juu ya nyumba akaziba mahali panapovuja. Watu wanasema chuo kikuu hakijawaharibu.

Mimi nilikusaidia hata kabla hawajafika. Siku ya Sabato baada ya ibada nilisimama mbele ya wamama nikasema, hawa vijana wametumwa na mtoto wangu, digrii yake iko kwenye midomo yenu, msimwaibishe. Mama Thadeus akasema, "Persis, kwani mtoto wako anatuoa sote?" Wakacheka, lakini walikubali. Kila nyumba ilitoa kiti kizuri. Vijana wakiuliza umezaa wangapi, wangapi wapo, wangapi hawapo, kila mama alijibu vizuri, wote wapo. Hakuna aliyewasumbua kwa maneno mengi. Mogire ni mtoto wetu, alitahiriwa pamoja na wewe, na Nyasani ni wa mlango wa pili. Mimi pia niliulizwa na nilijibu hivyo hivyo.

Bonareri ni mzito, mwezi wa tano Mungu akipenda. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi anaenda sokoni kungoja gari la wauguzi. Wanamtazama macho, wanampa vidonge vya damu, wanamwambia arudi tena. Tangu gari hilo lianze kuja nalala usingizi. Hospitali ya mjini ni mbali na barabara yetu unaijua.

Jibu upesi, uniambie kama majibu yetu yalikutosha.

Ni mimi mama yako,
Persis Nyanchera


Nairobi,
27 Februari 1972

Mama yangu mpendwa,

Barua yako ilifika nami ni mzima. Msalimu baba, mwambie ampe Momanyi kazi ya kukamua jioni, apumzishe mgongo. Mwambie Bitutu kwamba mume wake ni maskini lakini ana haya, sukari itakuja. Msalimu Bonareri.

Kazi imekwisha. Nilikuwa na sehemu mbili za kulinganisha. Moja ni kwetu kwenye skimu ya mashamba, ambako kila nyumba ina ng'ombe wa gredi wa maziwa. Nyingine ni Nyamache, ambako wengi hawana. Nilitaka kujua kama maziwa yanawaokoa watoto wadogo. Hesabu imetoka wazi kuliko nilivyotumaini. Nyamache karibu kila nyumba imewahi kuzika mtoto. Kwetu, karibu hakuna. Mwalimu wangu aliliangalia jedwali kwa muda mrefu akasema, "Obwocha, tofauti kubwa kama hii haiji kwa bahati."

Ameipeleka kazi yangu ofisi ya afya. Wao wana magari machache ya wauguzi na wanataka kujua ni wapi yanahitajika zaidi. Wameniita pia niende wanione, huenda nikapata kazi kwao.

Mogire na Nyasani niliwatuma kwetu kwa sababu wangelala nyumbani bila gharama. Nyamache ilibidi nimwombe mtu mwingine. Asante kwa kuwatunza, na asante kwa kuzungumza na wamama.

Mwanao,
Nehemiah


Nyansiongo,
Jumapili, 9 Aprili 1972

Mwanangu Nehemiah,

Barua yako ilikaa dukani kwa Thadeus karibu mwezi mzima, ilikuwa chini ya kopo la misumari. Ndiyo maana umeona kimya. Baba yako anakusalimu. Bitutu anakusalimu, anauliza kama hiyo haya yako inaweza kutiwa kwenye uji badala ya sukari. Momanyi anakusalimu, anakamua sasa, ng'ombe wamemzoea isipokuwa mwenye doa. Bonareri anakusalimu, miguu imevimba. Kwamboka dada yangu alikuja kutoka Nyamache, naye anakusalimu.

Jumanne Bonareri alienda sokoni na wenzake. Walikaa kwenye ukuta wa ghala la pareto kama kawaida. Gari halikuja. Alikuja karani wa chifu na baiskeli, akawasomea tangazo kwamba kuanzia sasa gari litakwenda upande mwingine, kwa sababu imeonekana kwamba Nyansiongo watoto hawafi, wana maziwa.

Mama Thadeus akasema, "Imeonekana na nani?"

Karani akasema, "Na utafiti wa chuo kikuu."

Basi wakachukua vikapu wakarudi. Hakuna aliyenijia na neno baya. Jioni waliniletea mboga ya chinsaga kama kawaida, wamechambua majani vizuri. Ndipo nikajua kwamba wanajua ni utafiti wa nani.

Mwanangu, hayo maziwa nani anayanywa? Ya asubuhi yote yanaingia kwenye mikebe, lori linayachukua. Ya jioni tunatia kidogo kwenye uji wa baba yako, na yanayobaki Kwamboka anabeba kwenda kwa wajukuu wake Nyamache. Wamama wengi hapa wanafanya hivyo, kila mmoja ana dada huko. Kama maziwa yanaokoa, basi yanaokoa huko.

Kwamboka aliniambia pia habari ya maswali ya kwao. Anasema aliyewauliza ni muuguzi kutoka Machakos, mwanamke mtu mzima, na mkunga mzee wa hapo akimgeuzia maneno. Walikaa naye kwenye nyasi wakimenya ndizi mpaka jua likageuka. Wakasema yote. Wengine walisema mambo ambayo hata waume wao hawajui. Nikamwuliza, mbona mlisema? Akasema, "Tungemficha kwa nini? Yule si mtoto wetu."

Sijui kama haya ni ya maana kwako. Nimeyaandika kwa sababu siku hizi nakaa nikiyafikiria, na kazi ya mikono inanishinda. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga na hakuna aliyesema, wakala tu.

Waambie watu wa ofisi wangoje mpaka mwezi wa tano upite. Jibu upesi.

Mama yako,
Persis


Nairobi,
30 Aprili 1972

Mama,

Wasalimu wote nyumbani. Naanza na jambo la haraka: Bonareri apelekwe mjini kabla ya siku zake, akae kwa watu wetu wa Kiogoro, awe karibu na hospitali. Tafadhali baba asiseme kuna mvua.

Sasa nakuandikia kama mtu anayejua kusoma, usikasirike.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba hesabu inaweza kujumlishwa sawasawa na bado isiwe kweli. Alitupa muhula mzima wa mambo hayo, mambo yanayotishia uhalali wa utafiti, na mimi nilipata alama nzuri kwenye mtihani wake. Alisema ukipima gunia moja kwa mizani hii na gunia la pili kwa mizani ile, usije ukasema umepima magunia. Umepima mizani. Nami ndivyo nilivyofanya. Nyamache niliuliza kwa mdomo wa mama mgeni. Kwetu niliuliza kwa mdomo wa watoto wenu.

Naijua chinsoni, ile haya ya kwetu. Nimekua ndani yake. Najua kwamba mzazi na mtoto hawatajiani mambo ya kuzaa, na kwamba Mogire mbele ya wamama wale ni mtoto hata akiwa na digrii tatu. Lakini nilipokuwa napanga karatasi hapa Nairobi haikunijia kabisa, kama mtu asivyokumbuka kwamba anapumua.

Sasa naona na mengine. Waliopata mashamba ya skimu ni wale waliokuwa na pesa ya kutanguliza, huenda watoto wao wangepona hata bila ng'ombe. Kifaduro kilipita Nyamache mwaka juzi, kwetu hakikupita. Na nakumbuka familia mbili pale chini kwenye mto ambazo zilirudi Kiogoro baada ya msiba. Hazikuwepo kuulizwa, kwa hiyo kwenye jedwali langu hazikufiwa. Yote haya nilikuwa nayajua, lakini yalikaa mbalimbali kichwani.

Kwa hiyo, mama, nakuuliza, na nakuomba unijibu kwa barua maana barua haina macho. Wamama wale walijibu kweli? Na wewe je? Siku zote nimejiita kifungua mimba wako. Mimi ni wa ngapi?

Mwanao,
Nehemiah


Nyansiongo,
Jumapili, 18 Juni 1972

Mwanangu Nehemiah,

Baba yako Ogari anakusalimu. Bitutu anakusalimu. Momanyi anakusalimu, amekuwa wa sita darasani. Bonareri anakusalimu. Na sasa kuna mwingine wa kukusalimu, anaitwa Ombui, anakusalimu kwa kulia. Alizaliwa tarehe kumi na moja mwezi wa tano. Ni mvulana, ana masikio ya baba yako yaliyosimama.

Mjini hatukwenda. Mvua ilikata barabara pale darajani, na baba yako alisema kuna mvua, na kweli ilikuwepo. Bitutu ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Macho yake yana ukungu lakini mikono bado inaona. Baadaye alitoka nje akakaa kwenye gogo akasema, "Huyu amenitazama kama ananidai." Tukacheka.

Bonareri anamnyonyesha vizuri. Alimpeleka sokoni Jumanne ya kwanza ya mwezi huu, akidhani labda gari limebadilisha mawazo. Sindano za watoto hatujui sasa zitachomwa wapi. Mama Thadeus anasema huko Keroka, lakini anasema pia mambo mengi.

Mahindi yamefika kiunoni. Ile mbegu mpya ya skimu imeota vizuri, na Bitutu amepanda kipande chake cha mbegu ya zamani, ile yenye punje nyeusi, hakuna wa kumkataza.

Ukurasa wa pili wa barua yako ulilowa na mvua, sikuweza kuusoma.

Jibu upesi habari ya gari.

Mama yako,
Persis


Nairobi,
9 Julai 1972

Mama yangu,

Nimefurahi juu ya Ombui mpaka nikashindwa kumaliza chakula. Mwambie Bonareri ampeleke Keroka, asingoje. Nimetuma sukari ya Bitutu kwa mtu wa lori la maziwa, ni kilo moja tu.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nilimwambia kazi yangu ina kasoro, kwamba sehemu mbili zilipimwa kwa vipimo viwili, na kwamba tofauti tuliyoiona labda si ya maziwa bali ya waulizaji. Alivua miwani.

"Umejuaje?"

"Mama yangu ameniandikia."

Alicheka, si kwa ubaya. Akasema, "Obwocha, siwezi kupeleka ofisini barua ya mama yako. Wamekwisha kupanga magari. Warudie wanawake wale wale, waulizwe kwa njia inayofaa, niletee hesabu mpya. Hapo nitasimama na wewe."

Kwa hiyo nimekwama. Nikija mwenyewe nitakuwa mtoto mwingine mwenye karatasi. Nikituma mgeni, sina pesa ya kumlipa. Ile ofisi imenipa kazi, wanataka nianze Januari. Sijawajibu. Nikisema kazi yangu ni ya uongo, sijui kama watanitaka. Nikinyamaza, gari halirudi.

Ukurasa wa pili sikuuandika tena. Ulikuwa na swali, na nadhani unalijua.

Mwanao,
Nehemiah


Nyansiongo,
Jumapili, 27 Agosti 1972

Mwanangu Nehemiah,

Nakusalimu. Baba yako anakusalimu. Bitutu anakusalimu, sukari alipata. Momanyi anakusalimu. Bonareri yupo. Ng'ombe mwenye doa anakamuliwa vizuri sasa.

Tunavunja mahindi. Mwaka huu ni mengi, hatuna mahali pa kuyaweka. Majani ya chai tumechuma mara mbili. Paa alilolitengeneza Mogire linavuja tena, pale pale.

Sina habari nyingine. Uwe unakula.

Mama yako,
Persis


Nairobi,
10 Septemba 1972

Mama,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za bweni, halafu nikaisoma tena chumbani. Umemtaja baba, Bitutu, Momanyi, Bonareri. Umemtaja mpaka ng'ombe mwenye doa. Hukumtaja Ombui. Nimeigeuza karatasi nikatazama nyuma, kama umeandika huko.

Wewe hujaandika, nami naogopa kukuuliza. Ndivyo tulivyo. Basi nisikuulize wewe. Mwambie Bitutu aniambie. Yeye na mimi hatufichani. Tangu nikiwa mdogo ananiambia mambo ambayo yalimfanya baba atoke nje kutazama ng'ombe. Aseme yeye, na wewe uandike. Mkono wako utakuwa kalamu tu. Hakuna atakayesema umevunja heshima.

Ofisi ile nimewajibu. Nimewaambia wasinipe kazi kabla hawajaona hesabu mpya. Sina hesabu mpya. Nimewaambia hivyo tu.

Siwezi kusoma siku hizi. Nakaa na kitabu, macho yanapita kwenye mistari kama mtu anayetazama shamba la jirani.

Mwanao,
Nehemiah


Nyansiongo,
Jumapili, 8 Oktoba 1972

Nehemiah,

Leo si mimi ninayesema. Bitutu amekaa kwenye mkeka mlangoni, miguu iko juani, na mimi naandika anavyosema. Ameniambia nisiongeze na nisipunguze.

Mume wangu,

Nakusalimu. Sukari ilikuwa kidogo, nimeona mapenzi yako yanavyopimwa. Ogari mwanangu anakusalimu, ametoka nje, amesema anatazama ng'ombe. Momanyi anakusalimu. Bonareri hakusalimu, hasalimu mtu sasa. Mama yako anakusalimu, ameinamisha kichwa kwenye karatasi kama kuku anayekunywa maji.

Ombui ameenda. Ni kikohozi kile cha kumnyima mtoto pumzi mpaka anawika kama jogoo mdogo. Alikuwa hajachomwa sindano. Keroka walikwenda wakaambiwa zimekwisha, warudi wiki nyingine. Wiki nyingine alikuwa amekwisha kushikwa. Baba yako alimbeba mpaka darajani akitafuta gari la mtu. Alipofika hapo mtoto alikuwa amenyamaza, baba yako akageuka akarudi naye. Tulimlaza nyuma ya nyumba upande wa migomba. Hayo ndiyo mambo ambayo mama yako hakuweza kukuandikia.

Sasa nikuseme kidogo. Ulikwenda shule ndefu, halafu ukatuma wavulana wawaulize wanawake mambo ya tumbo. Ungeniuliza mimi ningekucheka kwanza, halafu ningekuambia. Na mama yako alikuandikia kwamba karatasi ya pili ililowa. Haikulowa. Aliisoma mpaka pale ilipokunjwa pakachanika. Andika hivyo, Persis. Ameandika.

Nilifanya hivi. Wamama walikuja hapa kutusaidia kupukuchua mahindi, wale wale walioulizwa na wavulana wako, hata mmoja hakukosa. Nikaweka mabakuli mawili. Moja la mahindi meupe, haya ya mbegu ya skimu. Moja la mahindi yangu meusi. Nikawaambia, kila mmoja achukue nyeupe kwa waliopo na nyeusi kwa walioenda, afunge kwenye kitambaa chake, atupe kwenye kikapu. Asiseme kitu. Mimi macho yangu mnayajua, sitaona nani ametia nini.

Mama Thadeus akasema, "Bitutu, unatufanyia uganga?"

Nikamwambia, "Nawafanyia chuo kikuu."

Wakacheka. Halafu hawakucheka tena. Nilikaa hapo nikasikia punje tu, zinaingia mkononi, zinarudi, zinachukuliwa tena. Kuna mmoja alikaa kwenye bakuli jeusi muda mrefu. Hakuna aliyelia. Wakamaliza, wakaendelea kupukuchua, wakaanza kusema habari ya bei ya pareto.

Zile familia za chini kwenye mto zilizorudi Kiogoro, nimemtuma Ogari. Mafundo yao mawili yamo.

Hakuna aliyehesabu. Kwetu watoto hawahesabiwi na hatutaanza leo. Hesabu wewe huko, uko mbali na umezoea. Kisha umpelekee huyo mwalimu wako wa miwani, umwambie hii si barua ya mama yako. Nimechoka, jua limehama miguuni. Nimemaliza.

Sasa ni mimi mama yako.

Nimeandika alivyosema. Mafundo tumeyatia kwenye mfuko wa unga, tukaushona mdomo. Ameubeba Mogire, anarudi Nairobi Jumatano. Hajui ni nini, anafikiri ni mbegu unayotaka kumwonyesha mtu. Usimwambie, mama yake pia amefunga fundo humo.

Vitambaa ni vya kila namna, huwezi kujua ni vya nani, na ndivyo wanavyotaka. Ila kimoja utakijua. Ni cha kijivu, nilikikata kwenye kaptula yako ya shule ya msingi, ile iliyoungua kwa pasi. Hilo fundo ulifungue ukiwa peke yako. Nyeupe ni ninyi watatu, wewe na Bonareri na Momanyi. Zile nyingine zote zilikuja kabla yako. Ukishaziona zirudishe pamoja na za wenzangu, zihesabiwe humo humo. Usiniandikie neno juu yake, nami sitakuuliza kama uliliona.

Niandikie jambo moja tu, na uandike upesi, usingoje mtu wa lori, tia stempu: gari linarudi lini. Jumanne ya kwanza Bonareri bado anakwenda sokoni. Anakaa kwenye ukuta wa ghala, leso ya mtoto ameikunja mapajani, anangoja mpaka wenye vibanda wanafunga. Hatumkatazi. Barua yako ikifika nitampelekea hapo hapo.

Mama yako,
Persis Nyanchera